Mtoto si Pointi: Kuisoma Upya Chozi la Heri

Kitabu kikishaondolewa kwenye orodha ya vitabu teule, bei yake hushuka kama ya nyanya za jioni. Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014 na kutahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, leo utaikuta imetandikwa chini kando ya barabara pamoja na miongozo yake, na muuzaji hata hajali ukichagua ipi. Mwezi uliopita nilinunua nakala moja ingawa ile yangu ya shule bado ninayo. Nilitaka kuona kama mwanafunzi nisiyemjua alipiga mistari pale pale nilipopiga mimi. Naam, pale pale. Pambizoni ameandika kwa wino mwekundu: "ulanguzi wa watoto", "ukeketaji", "ndoa za mapema", "dawa za kulevya", na kila neno limepewa nambari.

Makala haya yanahusu nambari hizo. Ninadai kwamba riwaya hii tuliisoma kwa kuhesabu, na kwamba kuhesabu huko kulituzuia kuona jambo ambalo riwaya inalijua kuhusu watoto wanyonge na ambalo sisi, wasomaji wake wa lazima, hatukulijua. Sitawabebesha walimu na waandishi wa miongozo lawama yote. Riwaya yenyewe, kwa kiasi fulani, inajiachia kuhesabiwa. Lakini zipo sehemu inazokataa, na ajabu ni kwamba sehemu hizo ndizo ambazo kwenye nakala zote mbili, yangu na ya huyu mwenzangu wa barabarani, hazina hata nukta ya wino.

Nianze na darasa, maana ndiko tulikokutana na kitabu hiki wengi wetu. Tulikuwa kidato cha tatu. Mwalimu alichora jedwali ubaoni lenye safu tatu: jina la mtoto, tatizo, ukurasa. Tukalijaza kwa kupokezana, huyu akitaja Pete, yule akitaja Dick, kama watu wanaopanga mizigo kwenye lori. Kwa maksi ishirini za insha unahitaji pointi za kutosha, kwa hiyo kila mtoto aliyeteseka alikuwa neema kwetu. Nakumbuka tulifurahi tulipogundua kwamba Chandachema anaweza kutoa pointi tatu peke yake.

Jirani yangu wa dawati alikuwa msichana aliyelelewa katika makao ya watoto tangu akiwa shule ya msingi. Sote tulilijua hilo. Siku za wazazi kutembelea shule hakuna jambo linalofichika. Alilinakili jedwali lote, mistari imepigwa kwa rula, mwandiko safi kuliko wa mwalimu. Jioni wakati wa prepu akanisogezea daftari, akaweka kidole kwenye safu ya kati. "Umeona?" akasema. "Mimi ni pointi ya saba." Pointi ya saba ilikuwa watoto kulelewa bila wazazi. Akacheka. Nami nikacheka, maana sikujua la kufanya. Kisha nikanakili pointi ya saba kutoka kwenye daftari lake kwa sababu yangu ilikuwa na makosa ya tahajia. Katika mtihani wa majaribio nilipata kumi na saba kwa ishirini.

Sasa turudi kwenye riwaya. Kwa wale waliosahau: inaanza na Ridhaa, daktari, akiwa amesimama mbele ya majivu ya nyumba yake. Jirani aliyekaa naye miaka mingi, Mzee Kedi, ameshiriki kuiteketeza familia yake katika ghasia za baada ya uchaguzi. Mwandishi hakulazimika kutuandikia mwaka. Msomaji wa Kenya anajua ni moshi wa wapi: ghasia za 2007 na 2008, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kutoka kwa Ridhaa hadithi inateremka polepole hadi kwa watoto, na huko ndiko inakokaa. Tunamwona Umulkheri na ndugu zake Dick na Mwaliko, ambao mama yao, Naomi, anaondoka nyumbani, na baba yao, Lunga, anafariki. Yaya wao, Sauna, anawatorosha wale wavulana wawili na kuwapeleka kwa Bi Kangara, mlanguzi. Dick anaishia kulazimishwa kubeba dawa za kulevya. Umu anabaki peke yake. Shuleni atakutana na wasichana wengine wenye visa vyao: Chandachema aliyechuma majani chai akiwa mtoto, Zohali aliyepata mimba akiwa mwanafunzi, Mwanaheri, Kairu. Hospitalini yupo Pete, aliyekeketwa akaozwa kwa mzee mwenye wake wengine, na ambaye alijaribu kujiua.

Hebu tazama, na mimi nimehesabu tena! Ndiyo maana nasema riwaya ina sehemu yake ya lawama. Msuko wake ni wa hadithi ndani ya hadithi. Kila mtoto anaingia, anatua mzigo wake, anampisha mwingine. Mbinu hii ina ubora wake. Inaonyesha kwamba janga la Umu si la Umu pekee, na kwamba moto uliowashwa na watu wazima kwenye siasa zao unawaunguza walio wafupi kwanza. Lakini ina gharama pia. Mtoto anayepewa kurasa nne na msiba mmoja ni rahisi kugeuka kuwa jina la msiba huo. Pete tunamjua kwa kukeketwa na kuozwa. Hatujui alipenda mchezo gani, wala aliogopa nini usiku kabla ya hayo yote. Kwa lugha ya darasani tungesema ni mhusika bapa. Mimi sipendi neno hilo kwa mtoto aliyekunywa sumu, ila sina jingine.

Linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971. Pale mtoto ni mmoja, nyumba ni moja, fimbo ni moja. Zakaria ni baba mlevi wa Ukerewe anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana, na kipigo kile hakiishi ukurasa ule. Tunakisikia katika kila uamuzi ambao Rosa ataufanya baadaye, shuleni, chuoni, kwa wanaume, hadi anapojiua. Kezilahabi hana haraka ya kwenda kwa mtoto mwingine. Huwezi kumweka Rosa kwenye jedwali kwa sababu tatizo lake na nafsi yake vimeshikana. Upungufu wa riwaya ile uko upande wa pili: hakuna hata mkono mmoja unaonyooshwa kwa Rosa kwa dhati. Emmanuel Mbogo naye, katika Watoto wa Mama N'tilie ya 2002, anawafuata Peter na Zita kutoka kwenye lango la shule walikofukuzwa hadi jalalani, na tunaziona hatua zote za katikati. Matei amechagua upana kuliko kina. Ni haki yake. Ila tusijifanye kwamba upana hauna bei.

Hata hivyo, ipo mbinu moja ambamo Matei anawapa watoto hawa kina bila kuongeza kurasa, nayo ni majina. Tulifundishwa kwamba majazi ni jina linaloafiki tabia ya mhusika, basi tukaandika "Hazina: ana thamani" tukapita. Lakini soma tena. Kuna msichana anaitwa Chandachema na kuna msichana anaitwa Pete. Methali tunayoijua sote husema chanda chema huvikwa pete, yaani mtu mwema hupata anachostahili. Mwandishi ameivunja methali hiyo katikati akawapa wasichana wawili vipande vyake. Chanda chema hakuvikwa kitu; alipewa kikapu cha majani chai. Pete naye kweli alitumiwa kama pete: alitolewa, akavishwa kidole cha mzee ambaye jina lake, tena, ni Fungo. Vipande viwili vya methali moja vimo ndani ya kitabu kimoja na hakuna anayestahili anayelipwa. Kwangu mimi hicho ni kilio cha hasira kuliko kurasa zote ambamo msimulizi anatuhutubia. Na Umulkheri je? Kwa asili yake ya Kiarabu ni mama wa heri. Binti huyu alikuwa mama kabla ya kumaliza kuwa mtoto. Ndiye aliyebaki na wadogo zake mama mzazi alipoondoka. Heri iliyomo katika jina lake ni ile ile ya kwenye jalada, ile inayopatikana ndani ya chozi.

Nije sasa kwenye wokovu, maana hapo ndipo wahakiki wengi wanapoikaba riwaya hii koo. Umu anapangwa na Mwangeka na mkewe Apondi. Mwaliko anapangwa na Mwangemi na Neema. Mwangeka na Mwangemi ni mabinamu. Kwa hiyo ndugu waliopotezana wanakutana tena ndani ya ukoo mmoja, na Dick naye anarudi kwenye mikono ya dada yake. Mhadhiri wetu mmoja husema hii ni sadfa juu ya sadfa, kwamba mwandishi amechoka kuteseka na watoto wake akaamua kuwaokoa kwa amri. Mwenzangu mmoja katika semina aliongeza kwamba ni itikadi ya tabaka la kati: mtoto maskini anaokolewa pale tu anapoingia kwenye nyumba yenye sofa.

Nakubaliana nao nusu. Sadfa ipo, na ni nyingi mno. Lakini tusisahau mwandishi alikuwa anapendekeza nini mwaka 2014. Wakati ule makao ya watoto yalikuwa yamejaa kila kona ya nchi, na mtu mwenye huruma alipomfikiria yatima alifikiria geti, bweni na wafadhili. Matei anapendekeza familia. Kenya imekuja kusema hivyo rasmi baadaye. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, inatambua malezi ya jamaa, malezi ya muda katika familia nyingine, kafaala kwa watoto wa Kiislamu, na kupanga mtoto. Mwaka huo huo serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha katika familia na jamii. Kwa hiyo riwaya ambayo wengine wanaiita ya ndoto ilikuwa imeuona mwelekeo kabla ya serikali kuuandika. Hilo lazima mwandishi apewe.

Tatizo langu na wokovu huu ni jingine, na sikuligundua mimi. Baadhi yetu wa idara ya fasihi huenda Jumamosi kwenye makao fulani ya watoto kusoma nao hadithi. Muhula uliopita nilikuwa nawasimulia Chozi la Heri kwa kifupi, kundi la watoto wa miaka kumi hadi kumi na tatu hivi. Nilipofika pale Umu anapopata familia wakapiga makofi. Mwaliko, makofi. Dick, makofi zaidi. Kisha mvulana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye dirisha akauliza, "Na Hazina alichukuliwa na nani?"

Hazina ni yule mtoto wa mtaani, chokoraa kwa lugha yetu, ambaye Umu aliwahi kumpa msaada, na ambaye baadaye naye anamfaa Umu alipofikwa. Nikamjibu kwamba Hazina alisaidiwa akatoka mtaani, akapata kazi.

"Sijauliza kazi," akasema. "Alichukuliwa na nani?"

Sikuwa na jibu kwa sababu riwaya haina. Hatuonyeshwi familia iliyomchukua Hazina. Anapata riziki, na sisi wasomaji tunaridhika, kwa sababu tangu mwanzo tulimpokea kama msaidizi wa hadithi ya Umu. Sasa jiulize ni kwa nini Umu anastahili mama na Hazina anastahili ajira. Wote wawili hawana wazazi. Tofauti ni kwamba Umu alitoka kwenye nyumba, akaanguka. Hazina tulimkuta tayari chini. Riwaya inamrudisha aliyeanguka mahali alipokuwa, na aliyezaliwa chini inamsogeza kidogo tu. Hapo ndipo hoja ya yule mwenzangu wa semina inapopata meno, ingawa yeye aliielekeza kwenye sofa. Na msomaji mwenyewe aliyekaa dirishani aliijua bila kutaja tabaka.

Lakini ningetaka kukaa zaidi kwa Sauna, maana ndiye sababu ya kuandika makala haya.

Darasani Sauna alikuwa kwenye jedwali jingine kabisa, lile la maovu. Katili, mnafiki, mlanguzi. Hatukuwahi kumweka katika jedwali la watoto. Ndivyo na miongozo niliyoisoma ilivyomweka. Na riwaya yenyewe inatusaidia kumchukia: tunampokea kama yaya mwenye sura ya upole, tunamwamini kama alivyoaminiwa na familia, kisha siku moja Umu anatoka shule anakuta nyumba kimya. Hakuna msomaji anayemsamehe mtu kwa ukimya ule.

Baadaye sana, tukiwa tumekwisha kumhukumu, tunaelezwa kwamba Sauna alipokuwa msichana alinajisiwa na Maya, baba yake wa kambo. Mama yake alipojua alimsaidia kuitoa mimba, akamwambia anyamaze. Sauna akaondoka kwao. Na barabara aliyoishika ikampeleka kwa Bi Kangara.

Basi wenzangu, wekeni hadithi hizi mbili kando kwa kando. Huyu ni Umu: msichana aliyeangushwa na wazazi ndani ya nyumba yake, akabaki peke yake, akatoka barabarani akiwa hana chochote. Huyu ni Sauna: msichana aliyeangushwa na wazazi ndani ya nyumba yake, tena vibaya zaidi, akatoka barabarani akiwa hana chochote. Barabara ni ile ile. Umu alikutana na Hazina. Sauna alikutana na Bi Kangara. Sioni tofauti nyingine kubwa. Mtu anaweza kuniambia kwamba Umu ana tabia njema, na mimi nitamuuliza tabia hiyo ingeonekanaje kama aliyemkaribisha mjini angekuwa mwanamke mwenye biashara ya kuuza watoto.

Matei ndiye aliyeziandika hadithi zote mbili, kwa hiyo siwezi kudai kwamba hakuliona jambo hili. Angeweza kumwacha Sauna kama mwovu asiye na asili, kama walivyo waovu wengi wa riwaya zetu za shule. Hakumwacha. Alikwenda nyuma akatuonyesha mlango aliotokea. Huo ni ujasiri. Ila baada ya kutuonyesha, anaufunga haraka: Sauna anatiwa mbaroni pamoja na Bi Kangara, na riwaya inaendelea kwenda kwenye kukumbatiana kwa ndugu. Maya je? Mama yake je? Mtoto aliyenajisiwa anamalizikia polisi, na kwa macho ya msomaji wa kawaida hiyo ndiyo haki.

Msinielewe vibaya. Dick aliibiwa utoto wake, na aliyemwiba ni Sauna. Kueleza si kusamehe, na mtoto aliyeuzwa hana deni la kumhurumia aliyemuuza. Lakini mhakiki si hakimu, wala msomaji wa miaka kumi na sita si hakimu. Tulichopaswa kuulizwa darasani ni kwa nini riwaya yenye milango mingi ya rehema haikubakiza hata dirisha kwa huyu mmoja. Said Ahmed Mohamed katika Utengano ya 1980 anamshusha Maimuna chini kabisa, hadi kwenye ulevi na kuuza mwili, na bado anamwachia njia ya kurudi. Inawezekana basi, katika fasihi yetu imekwisha kufanywa.

Tena si kwamba nchi haikuwa na sheria. Riwaya ilipotoka tayari palikuwa na Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006, ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ya 2010, na ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Kwa hiyo kila alichofanyiwa Pete, Dick na Sauna kilikuwa ni kosa linalojulikana kwa jina lake. Kilichokosekana ni mtu wa kuvunja ukimya, na katika kisa cha Sauna aliyeufunga mdomo wake ni mama. Leo upo mstari wa simu wa watoto, 116, ambao mtoto anaweza kuupiga bila kulipa. Ni jambo jema. Lakini Sauna aliambiwa anyamaze na mtu ambaye ndiye angempa simu.

Nimesema zipo sehemu ambazo riwaya inakataa kuhesabiwa. Ya kwanza ni majina, ya pili ni Sauna, na ya tatu ni pale Umu na wasichana wenzake shuleni wanapokaa pamoja wakaelezana yaliyowapata. Umu alikuwa amebeba huzuni yake kama mtu wa pekee duniani. Sasa anasikia ya Chandachema, anasikia ya Zohali, na kitu ndani yake kinalegea. Darasani tulizitumia hadithi hizo kama ghala la kuchotea pointi. Hatukuona kwamba jambo lenyewe lilikuwa kule kukaa. Hakuna mtu mzima anayewahutubia, hakuna mfadhili, hakuna picha ya kupigwa. Hakuna anayemtatulia mwenziwe chochote. Wanasikilizana tu, na kesho yake Umu anaweza kuendelea na masomo. Kama kuna mahali riwaya inajua hasa kinachomtegemeza mtoto aliyeumia, ni hapa, na wala halihitaji sadfa.

Ken Walibora alikuwa ameligusa jambo hili hili kwa njia yake katika Kidagaa Kimemwozea, 2012. Kitoto kinachoachwa mlangoni mwa Amani usiku kinalelewa na Amani na Imani, vijana wawili wasio na kitu, ilhali baba yake halisi ni Mtemi mwenye zahanati yenye jina lake. Wakakipa jina Uhuru. Kilipougua, zahanati ile ile haikukipokea inavyotakiwa, kikafa, na waliotiwa ndani ni hao waliokilea. Walibora ni mkali kuliko Matei: anasema wazi kwamba wanyonge ndio wanaolea, na wenye nguvu ndio wanaotupa. Matei anaamini kwamba wenye uwezo wanaweza kulea pia. Ningependa aliye sahihi awe Matei. Sina hakika.

Wiki mbili zilizopita nilikutana na yule jirani yangu wa dawati. Anasomea uuguzi mjini. Nikamweleza makala haya, nikamwomba ruhusa ya kumtaja bila jina, akakubali, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: kwamba yeye hakuwahi kuimaliza riwaya ile. Alisoma jedwali tu, na mtihani akaupita vizuri. Nikampa ile nakala ya barabarani, nikamwomba radhi kwa wino mwekundu.

Amenipigia simu juzi usiku kutoka zamu. Amefika kwa Sauna. Anasema pambizo za kurasa zile ni tupu kabisa, isipokuwa mahali pamoja ambapo mwenye kitabu aliandika "katili". Aliniuliza kama ni ruhusa kulifuta, maana kitabu ni changu. Nikamwambia ni chake.